Sehemu inayopaa, kipeo kinachozama: kukalisha picha ya hesabu kwenye mstari wa maandishi

Chukua swali la kawaida kabisa la Hisabati darasa la saba: "Mama Asha alitumia ⅔ ya unga wake kupika uji, akabakiwa na kilo 4. Alikuwa na kilo ngapi?" Mwalimu akiliandika ubaoni halina taabu. Anaandika mbili, anapiga mstari, anaandika tatu chini yake, na mkono wenyewe unajua kwamba ule mstari wa kugawanya unatakiwa uwe usawa wa katikati ya maneno, kiasi kikae juu na asili ishuke kidogo. Swali hilohilo likifika kwenye kompyuta, na ile sehemu ikaingizwa kama picha, mambo hubadilika. Asili inakaa pale zinapokaa herufi, mstari wa kugawanya unapanda hadi karibu na vichwa vya maneno, na kiasi kinausukuma mstari wa juu yake kama mtu anayetafuta nafasi ya kupita.

Hapa Moshi tatizo hili lina msimu wake. Wiki za mitihani ya majaribio zikikaribia, steshenari za mjini hujaa walimu wenye maswali yaliyoandikwa kwa mkono na flashi mfukoni. Utamkuta mwalimu amesimama nyuma ya mchapaji, kidole kimeelekea skrini. "Dada, hii sehemu mbona imepaa? Ishushe kidogo." Dada anaishusha. "Imezidi sasa, ipandishe." Wakishaliweka sawa swali la tatu, la nne linagoma, kwa sababu lina kipeo badala ya sehemu. Kazi ya nusu saa inakula asubuhi nzima, na mwishowe mwalimu anasema basi, toa hivyohivyo.

Hilo "toa hivyohivyo" linamwangukia mtoto. Karatasi ikishapita kwenye mashine ya fotokopi mara mia mbili, wino ukafifia, kipeo kilichozama kinaweza kusomeka kama namba ya kuzidisha, na mtoto aliyejua hesabu akapata jibu la swali ambalo hakuulizwa. Ndiyo maana naona jambo hili linastahili kuelezwa kwa kina, pamoja na kwamba wengi hulichukulia kuwa ni la urembo tu.

Mchapaji hana kosa la macho, na kompyuta haijaharibika. Kuna namba moja iliyokuwepo wakati hesabu inachorwa, ikapotea picha ilipohifadhiwa. Mambo yote ya kushusha na kupandisha ni jitihada za kuikisia namba hiyo.

Mstari usioonekana

Kila sentensi iliyochapwa imekaa juu ya mstari usiochorwa. Tuuite mstari wa msingi. Herufi kama a, m, n na k zinaukalia moja kwa moja. Herufi g, j, p na y zinaning'iniza mikia yake chini ya mstari huo. Andika neno "jogoo" ulitazame: ile j na ile g zinashuka, zile o zote zimekaa, na bado neno zima linaonekana limenyooka. Limenyooka kwa sababu programu haikupanga herufi kwa kufuata vichwa wala mikia yake. Imezipanga kwa mstari wa msingi, na faili la fonti ndilo linaloiambia programu, kwa kila herufi, mstari huo unapita wapi.

Picha haina taarifa hiyo. Faili la PNG lenye ile ⅔ linasema: upana pikseli 11, urefu pikseli 20. Basi. Ni sawa na kumkabidhi fundi nguzo ya uzio bila kumwambia ni kiasi gani kinafukiwa ardhini. Fundi atafanya nini? Ataisimamisha yote juu ya ardhi. Hivyo ndivyo Word inavyofanya, na hivyo ndivyo kivinjari cha intaneti kinavyofanya kama hakuna aliyekiambia vingine: ukingo wa chini wa picha unakalishwa kwenye mstari wa msingi, na chochote kilichopaswa kuwa chini ya mstari kinainuliwa. Emacs, kihariri kinachopendwa na wanaoandika kwa LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi yenye hesabu), kina desturi yake tofauti: kisipoambiwa kitu, huchukua nusu ya picha ikawa juu ya mstari wa msingi na nusu nyingine ikawa chini. Desturi zote mbili ni za kubahatisha, na kila moja inabahatisha kwa namna yake.

Aliyechora hesabu alikuwa anajua

Picha nyingi nzuri za hesabu unazoziona zimetoka, kwa njia moja au nyingine, kwenye TeX, programu aliyoianza Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1977, baada ya kutoridhishwa na jinsi kurasa za kitabu chake zilivyochapwa. LaTeX imejengwa juu yake. Mwanafunzi wa uzamili pale chuoni Tengeru, Arusha, anayeandika tasnifu kwa LaTeX anafanya kazi na fikra za Knuth kila siku, hata kama hajawahi kuzichungulia.

Na fikra kubwa kuliko zote katika TeX ni nyepesi: kila kitu ni kisanduku. Herufi ni kisanduku, neno ni kisanduku, sehemu ni kisanduku kilichobeba visanduku. Kila kisanduku kina vipimo vitatu. Kuna upana. Kuna kimo, yaani umbali kutoka mstari wa msingi kwenda juu. Kuna kina, yaani umbali kutoka mstari wa msingi kwenda chini. Vitatu, si viwili.

Tuangalie visanduku hivyo kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo siri yote ilipo. Nitatumia fonti ya kawaida ya TeX, Computer Modern, kwa ukubwa wa pointi 10, hesabu ikiwa ndani ya sentensi.

Sehemu ya ½ ina kimo cha pointi 8.45 na kina cha pointi 3.45. Jumla ni 11.90. Kwa hiyo asilimia 71 ya sehemu iko juu ya mstari wa msingi na asilimia 29 iko chini.

Sasa x². Kimo chake ni 8.14 na kina chake ni sifuri kamili. Herufi x imeukalia mstari, ile 2 imepanda juu, na hakuna kilichoshuka. Asilimia 100 iko juu.

Halafu x₁, yenye namba ndogo ya chini. Kimo ni 4.31, kile kile cha herufi x yenyewe, na kina ni 1.50. Asilimia 74 iko juu.

Ukiziweka namba hizi pamoja unaelewa kwa nini swali la tatu likikaa sawa la nne linagoma. Hakuna kiasi kimoja cha kushusha kinachofaa kwa hesabu zote. Mchapaji aliyegundua kwamba sehemu zinatakiwa kushushwa pointi 4, akazishusha picha zote pointi 4 ili kuokoa muda, amezitengeneza sehemu na kuviharibu vipeo.

Namba hiyo ya tatu, kina, TeX ilikuwa nayo mkononi wakati wa kupanga. Kisha matokeo yakageuzwa kuwa picha, kingo nyeupe zikakatwa kwa unadhifu, na kina kikaenda pamoja na kile cheupe kilichokatwa. Hakuna programu itakayokirudisha kwa kuitazama picha, kwa sababu picha ya y peke yake na picha ya herufi isiyo na mkia, zikishakatwa kingo, ni mistatili tu.

Kwa nini "katikati" inadanganya

Anayekutana na tatizo hili mara ya kwanza hufikia dawa ileile: weka picha katikati ya mstari. Kwenye kurasa za tovuti huandikwa vertical-align: middle. Kwenye Emacs, Org, sehemu yake ya kuandikia madokezo na makala, kwa miaka mingi ilizipachika picha za LaTeX kwa :ascent center. Na jambo la kuudhi ni kwamba dawa hii huonekana imefaulu, kwa sababu kila mtu huijaribu kwanza kwa sehemu.

Hapa kuna kitu kizuri cha kukifahamu. Katika hesabu iliyopangwa vizuri kuna mstari wa pili usioonekana, ulio juu kidogo ya mstari wa msingi. Alama ya kutoa iko kwenye usawa huo. Alama ya kujumlisha imeuzunguka, na alama ya sawasawa pia. Na mstari wa kugawanya wa kila sehemu umelala juu yake. Ndiyo sababu ukiandika sehemu, ukaongeza alama ya sawasawa, mstari wa sehemu unaelekea katikati kabisa ya alama ile. Tuuite mhimili. Kwa Computer Modern ya pointi 10, mhimili uko pointi 2.5 juu ya mstari wa msingi.

Sehemu, kwa umbo lake, inaujaza mhimili huo juu na chini kwa kiasi kinacholingana. Chukua ½: katikati yake ni nusu ya tofauti ya 8.45 na 3.45, yaani pointi 2.5. Ni mhimili wenyewe. Sasa kivinjari kikiambiwa middle, hulinganisha katikati ya picha na mahali palipo nusu ya kimo cha herufi x juu ya mstari wa msingi. Nusu ya 4.31 ni kama 2.15. Tofauti kati ya 2.5 na 2.15 ni theluthi moja ya pointi, na jicho la kawaida haliioni. Mtengenezaji anafurahi, anahifadhi, anaondoka.

Kisha inakuja x². Katikati ya picha yake inapaswa kuwa pointi 4.07 juu ya mstari wa msingi, lakini inalazimishwa kukaa 2.15. Inazama karibu pointi 2, wakati herufi x yenyewe ina kimo cha pointi 4.31 tu. Karibu nusu ya x imekwenda chini ya mstari, na kile kipeo, kilichopaswa kuelea juu, kimeshuka na kujongea usawa wa maneno. Ndani ya sentensi hiyohiyo ikitokea x₁, yenyewe inapanda, kwa robo tatu ya pointi. Kwa hiyo una herufi x mbili kwenye mstari mmoja, ya kwanza imezama, ya pili imeelea, na pengo kati yao ni zaidi ya nusu ya kimo cha herufi. Msomaji hataweza kusema kasoro ni nini. Atahisi tu kwamba ukurasa unachosha.

Emacs inapoambiwa center hufuata katikati ya fonti ya maandishi, juu na chini yake ikijumlishwa, kwa hiyo kiasi cha kosa hubadilika kila unapobadili fonti. Chanzo cha kosa ni kilekile.

Kuna ujanja mmoja wa zamani unaostahili heshima. Badala ya kukata kingo zote, unaiongezea picha nafasi tupu, juu au chini, mpaka mhimili uwe katikati kabisa ya picha. Hapo "katikati" inakuwa kweli kwa kila hesabu. Gharama yake ni nafasi: x² inabeba utupu mwingi chini yake, na mistari ya aya inasukumana. Naukubali pale ambapo programu haitoi njia nyingine. Pale inapotoa, sioni sababu ya kuutumia.

Kuirudisha namba iliyopotea

Njia ya haki ni kuhakikisha kina kinasafiri pamoja na picha. Kwa wanaotumia LaTeX zana zipo tayari na ni za bure.

Kifurushi kiitwacho preview, kilichotokana na mradi wa preview-latex wa David Kastrup, huitoa kila hesabu kwenye ukurasa wake peke yake, na huweza kuandika kwenye faili la kumbukumbu kimo, kina na upana wa kila moja. Vipimo hivyo hutolewa kwa kipimo kidogo mno cha TeX ambacho 65,536 vyake hufanya pointi moja, kwa hiyo usishtuke kukuta kina cha pointi 3.45 kimeandikwa kama laki mbili na ushee. Gawanya kwa 65,536.

Baada ya hapo kuna dvipng, inayogeuza matokeo kuwa PNG. Ukiipa agizo la --depth, kila inapotoa picha inataja pia kina chake kwa pikseli. Maelezo ya dvipng yenyewe yanasisitiza kwamba namba hiyo inaaminika pale tu preview inapotumika, na ni onyo la kuzingatia: bila preview, programu haina uhakika mstari wa msingi ulikuwa wapi. Anayetaka SVG, picha inayokuzwa bila kuchakaa, badala ya PNG anatumia dvisvgm, ambayo nayo husoma vipimo vya preview na kuvitaja: upana, kimo, kina.

Ukishakuwa na namba, kuitumia ni jambo la mstari mmoja. Emacs inataka asilimia ya picha iliyo juu ya mstari wa msingi. Unagawanya kimo kwa jumla ya kimo na kina, unazidisha kwa 100. Kwa ½ unaandika:

:ascent 71

Kwa x² unaandika 100, kwa x₁ unaandika 74. Bila shaka huandiki kwa mkono. Programu inahesabu kwa kila picha. Preview-latex ndani ya AUCTeX, nyongeza ya Emacs ya kuandikia LaTeX, imekuwa ikifanya hivyo kwa muda mrefu, na ukiwahi kuona jinsi hesabu zake zinavyokaa kwenye mstari utaelewa kwa nini waliozoea hawataki kitu kingine.

Kwenye ukurasa wa tovuti unataka kushusha picha kwa kiasi cha kina, na kipimo bora ni em, yaani ukubwa wa fonti yenyewe. Kwa kuwa tumepima kwa fonti ya pointi 10, pointi 3.45 ni em 0.345, na urefu wote wa pointi 11.9 ni em 1.19:

<img src="nusu.svg" style="height:1.19em; vertical-align:-0.345em">

Uzuri wa em ni kwamba msomaji akikuza maandishi kwenye simu yake, picha inakua nayo na kushuka kunakua nako. Ukiandika kwa pikseli, picha itakaa vizuri kwa ukubwa uliojaribu wewe tu.

Ukitaka kuona jambo hili likifanya kazi sasa hivi, fungua makala yoyote ya Hisabati kwenye Wikipedia, uangalie msimbo wa fomula iliyo ndani ya sentensi. Utakuta picha ya SVG yenye upana, urefu, na kiasi cha kushushwa, vyote kwa kipimo cha ex, yaani kimo cha herufi x. Miaka ya nyuma Wikipedia ilitumia picha za PNG zisizo na taarifa hiyo, na fomula zilipaa na kuzama kama kwenye mtihani wa Mama Asha. MathJax, programu ya kuonyesha hesabu kwenye tovuti, inapotoa SVG nayo huandika kiasi cha kushusha kwenye kila fomula. KaTeX, programu nyingine ya aina hiyo, imekwepa picha kabisa: inapanga herufi halisi kwa visanduku vya HTML, na mstari wa msingi unarithiwa.

Ukubwa nao uingie kwenye hesabu

Picha inaweza kukaa mahali pake sawasawa na bado ikaonekana mgeni, kwa sababu ni kubwa au ndogo kuliko maneno yanayoizunguka. Jambo hili linaungana na la kwanza: ukibadili ukubwa, kina nacho kinabadilika kwa uwiano uleule.

Kwanza kuna suala la msongo, yaani pikseli ngapi zinaingia kwenye inchi moja. Inchi moja ina pointi 72.27 za TeX, wakati Word hutumia pointi 72 kwa inchi. Kama maandishi yako yana ukubwa wa pikseli 16 na hesabu ilipangwa kwa pointi 10, picha inatakiwa ichorwe kwa pikseli 115.6 kwa inchi ili pointi 10 ziwe pikseli 16. Watu hushika namba ya kichwani kama 100 au 300, kisha wanaivuta picha kwa pembe mpaka "ionekane sawa". Kila picha inavutwa kivyake, na sehemu mbili kwenye aya moja zinakuwa na tarakimu za ukubwa tofauti.

Pili, fonti mbili zenye ukubwa uleule kwa namba hazina ukubwa uleule kwa jicho. Herufi x ya Computer Modern ina kimo cha 0.43 ya ukubwa wa fonti. Ya Times New Roman ni karibu 0.45, ndiyo maana hesabu za TeX hukaa nayo kwa amani. Ya Arial ni 0.52 na ya Verdana ni kama 0.55. Hesabu ya TeX ndani ya aya ya Verdana huonekana imedumaa, na hakuna kushusha kutakakoiponya. Inataka ikuzwe kwa zaidi ya robo, na kina chake kikuzwe vilevile. Hapo ndipo kipimo cha ex kinapopata kazi, kwa kuwa ex ni kimo cha herufi x ya fonti inayotumika pale.

Tatu ni skrini. Nitalipita haraka. Pikseli haigawanyiki, kwa hiyo kina cha 5.52 hakina budi kuwa 5 au 6, na picha ya PNG inaweza kukosea hadi nusu pikseli hata ukiwa umefanya kila kitu sawa. Kwenye skrini za zamani nusu pikseli ilionekana. Kwenye simu nyingi za leo pikseli ni ndogo kiasi kwamba haionekani, ila kuna mtego: ukichora picha kwa ukubwa maradufu kwa ajili ya skrini hizo, kina ulichopewa kwa pikseli nacho ni maradufu. Usipokigawa kwa mbili, sehemu itazama shimoni. Na kama umeongeza ukingo mweupe wa pikseli moja chini ili herufi zisikatwe, ukingo huo ni sehemu ya kina. Uongeze.

Kwa anayetumia Word na picha ya kukata

Najua walimu wengi wa Moshi na Arusha hawana LaTeX, na mtihani wa kesho asubuhi hausubiri wajifunze. Wana Word, na wana picha iliyokatwa kutoka kwenye PDF ya mtihani wa zamani.

La kwanza ni kujiuliza kama picha inahitajika. Sehemu nyepesi kama ½, ¼ na ¾, na vipeo vya ² na ³, ni herufi kamili ndani ya fonti. Zinabeba mstari wa msingi wake na hazihitaji kushushwa. Kwa hesabu kubwa zaidi, Word tangu toleo la 2007 ina kiandikia milinganyo chake: bonyeza Alt pamoja na alama ya =, kisha andika. Hesabu hiyo inajua kina chake. LibreOffice Writer nayo inazikalisha fomula zake yenyewe kwenye mstari wa msingi. Ningependa steshenari zote ziache kupiga picha ya kitu kinachoweza kuandikwa kwa sekunde kumi.

Lakini pale picha isipoepukika, kina kinapimika. Unapoikata kutoka kwenye PDF, usiikate ikiwa peke yake. Ikate pamoja na neno moja la jirani, lenye herufi zisizo na mkia, kwa sababu neno hilo ndilo linaloonyesha mstari wa msingi ulipo. Ifungue kwenye Paint. Pima hesabu kutoka juu hadi chini, tuseme ni pikseli 60. Pima kutoka nyayo za neno la jirani hadi ukingo wa chini wa hesabu, tuseme ni pikseli 17. Sasa kata neno la jirani, ibaki hesabu yenyewe, bila kuacha weupe chini yake.

Kwenye Word, maandishi yakiwa ya pointi 12, sehemu ya ndani ya sentensi inafaa iwe na urefu wa karibu pointi 14.3. Kina chake ni 14.3 mara 17 gawanya kwa 60, yaani pointi 4.05. Hakikisha picha imewekwa ndani ya mstari, isiwe ya kuelea. Ichague, bonyeza Ctrl na D, nenda kichupo cha Advanced, kwenye Position chagua Lowered, andika 4. Picha inashuka na mstari wa kugawanya unakuja usawa wa katikati ya maneno. Word inakubali nusu pointi, kwa hiyo hata 4.5 inaandikika pale kipimo kinapotaka hivyo.

Hesabu inayosimama peke yake katikati ya ukurasa haihitaji haya yote. Haina jirani wa kulingana naye, iache.

Kuna jambo moja zaidi, nalo huwapata hata waliopima vizuri. Ndani ya sentensi TeX hupunguza tarakimu za sehemu kwa makusudi, ili ½ iwe pointi 11.9 na iingie kwenye mstari wenye nafasi ya pointi 12. Sehemu iliyokatwa kutoka kwenye mlinganyo uliosimama peke yake haijapunguzwa. Kwa fonti ileile ina urefu wa zaidi ya pointi 20. Ukiiingiza kwenye aya ambayo nafasi ya mistari yake imewekwa Exactly, Word haisukumi mistari. Inakata picha, na tarakimu ya juu inapotea nusu yake. Mwalimu akikuta tarakimu zimekatwa vichwa hudhani picha imeharibika, anaikata upya kutoka kwenye PDF, inatokea vilevile. Picha ni nzima. Fungua mpangilio wa aya, badili Exactly iwe At least, na vichwa vitarudi.